Dhamana ya Boti ya Mpira

Pombe sijaigusa maishani, kwa hiyo msitafute sababu huko. Haya niliyaona mchana kweupe, na anayebisha aje nimpeleke ghalani kwetu.

Ilikuwa miaka ile tuliyohamishiwa kijiji cha ujamaa, pembeni mwa mbuga ya Wembere. Zahanati ilikuwa ng'ambo, na mvua zikikolea mbuga inageuka ziwa. Mwaka huo binti yangu Mwajuma alikuwa na mimba ya kwanza. Mkunga alishaniambia mtoto amekaa vibaya, asijifungulie nyumbani. Kijiji kikachanga, nikatumwa mimi Itigi kutafuta chombo, eti kwa kuwa sidanganyiki sokoni. Haya.

Dukani nikakuta boti ya mpira, mpya, ile ya kujazwa upepo. Mpira mnene, dhamana ya mwaka mzima kwa maandishi, ila ikitoboka uirudishe hapohapo Itigi. Sasa niambieni, ikitoboka katikati ya maji nairudishaje? Na bei yake ingetuuzisha ng'ombe.

Nje ya stesheni mtu mmoja alikuwa amekalia boti nyingine, kuukuu, ya viraka. Hiyo tuliimudu. Nikaibonyeza, nikaimwagia maji nione mapovu. Hakuna.

"Na dhamana?" nikamuuliza.

"Dhamana ni mimi, mama. Ikipungua nakuja kuijaza."

"Wewe? Huna hata pampu!"

"Napuliza kwa mdomo. Ila pumzi yangu ilikwisha zamani. Nitumie ya nani?"

Nikacheka. Mzaha wa sokoni huo, au sivyo? "Tumia yangu, kaka, ninayo ya kumwaga!" Niliona kifua chake hakipandi wala hakishuki, nikajiambia ni koti tu. Tukamalizana.

Uchungu ulimshika Mwajuma asubuhi moja, maji yamefunika hata vichuguu. Shemeji yangu Juma akatusukuma kwa upondo. Tulipofika katikati, kiraka kikaachia. Boti ikalegea, maji yakaingia, Mwajuma akanikumbatia shingoni: "Mama, tunakufa!" Niliogopa mpaka dua zote zikanitoka kichwani.

Mtaniamini? Yule mtu alikuwa amesimama ndani ya maji, yanamfika kiunoni, mahali ambapo upondo wa shemeji haukugusa chini. Hakusalimia. Akabandika kiganja kwenye kiraka, akaweka mdomo kwenye tundu la upepo, akapuliza. Boti ikatuna, ikakaza kama ngoma. Na mimi kifua kikanywea, nikawa natweta ilhali nimekaa tu. Shemeji alimwona pia, na mpaka tunamzika hakutaka kulizungumzia.

Mjukuu wangu alizaliwa zahanati, analia kwa nguvu, na mama yake mzima. Sijuti. Sikilizeni vizuri, sijuti hata kidogo.

Lakini tangu siku hiyo siwezi kufika kisimani bila kukaa chini njiani. Hospitali wamenipima, wanasema mapafu hayana kitu. Na boti ipo ghalani, miaka yote hii haijaongezwa upepo wala haijalegea. Ukiiwekea kiganja utaisikia inapanda, inashuka. Nikikohoa, nayo inatikisika.

Basi mkienda kununua kitu, bei angalieni, uimara angalieni, lakini ulizeni dhamana yake inalipwa kwa kitu gani. Na nyie vijana mnaotaka boti ile ifunguliwe, ikunjwe, ghala lipate nafasi: lile tundu msiliguse. Subirini kwanza nizikwe.