Vigingi vya Reli Katika Kibanja Changu

Nilizaliwa mtu wa kushuku. Mama yangu, kule Chonyonyo, alikuwa akisema kwamba tangu utotoni nilikuwa naonja uji kwa ncha ya ulimi hata kama ameupika yeye mwenyewe. Nilipoolewa upande wa Kyerwa wakaniambia ndoa itanitoa tabia hiyo. Haikunitoa. Na mume wangu alipofariki akaniachia mabinti watatu na kibanja cha migomba na mibuni, kushuku kukawa ndiyo kazi yangu kubwa kuliko kulima, kwa sababu mjane asiye na mtoto wa kiume wakati ule alikaa katika migomba ya ukoo kama mgeni ambaye bado hajaulizwa ataondoka lini.

Kilichoniweka pale ni kaburi. Sisi tulizika nyumbani, katikati ya migomba, na mume wangu alilala upande wa juu wa kibanja, nyuma ya nyumba, chini ya mibuni aliyoipanda mwenyewe. Maadamu nililifyeka kaburi lile na kulitandika nyasi, hapana mtu wa ukoo aliyeweza kusimama mbele ya watu akasema nimeuacha mji wa mume wangu. Wengine walikuwa na hati. Mimi nilikuwa na kaburi, na nililichunga.

Basi ikaja habari ya reli. Si reli ya gari moshi, hiyo hatukuwahi kuiona; ni ile reli nyembamba ya machimbo ya bati. Juu mlimani walichimba, wakapakia madini kwenye matoroli ya chuma, na vibarua wakayasukuma juu ya reli mpaka chini barabarani, malori yalikokuwa yakisubiri kuyapeleka Bukoba. Walipoilaza reli ile palikuwa na duka moja tu njiani. Baadaye maduka yakaifuata reli kwa sababu vibarua walinunua chumvi na sigara, na yalipokwisha kuwa maduka mengi wenye maduka wakaanza kulalamika kwamba reli imepita katikati ya maduka yao. Siku toroli lilipowaponyoka vibarua mteremkoni likamvunja mguu mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi, wakapata la kusema. Reli ihamishwe. Izungushwe, isipite tena madukani.

Mkutano uliitishwa penye mizani ya kahawa. Wenye maduka walikaa mbele kwenye viti walivyokuja navyo, mjumbe wa machimbo akakaa kando yao, na karani wa halmashauri, kijana wa Kihaya kutoka Bukoba aliyevaa soksi ndefu, akatusomea mpango. Machimbo watatoa reli na mataruma. Halmashauri itawalipa wafanyakazi, na fedha hiyo itapatikana kwa kukata senti kidogo katika kila kilo ya kahawa. Wananchi watatoa nguvu zao, na fito za kupimia.

Niliinuka. Wanawake hawakuwa wakiinuka sana siku zile, lakini mimi nilikuwa nimekwisha kusemwa kwa mengi, hilo moja lisingeongeza kitu.

"Shikamoo, bwana," nilisema. Alikuwa mdogo kwangu, lakini cheo kina umri wake.

"Marahaba, mama."

"Hiyo reli ikiyazunguka maduka, itapita wapi?"

"Itapita nyuma, mama. Mahali pa wazi."

"Nyuma ya maduka hakuna mahali pa wazi, bwana. Nyuma ya maduka ndiko tunakokaa sisi."

Watu wakacheka. Nikauliza na la pili: sisi tunakatwa kahawa, machimbo wanatoa chuma, wenye maduka wanatoa nini? Karani akatazama viti vya mbele, akasema wenye maduka watasaidia kwa mawazo. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, na mimi nikaanza kukishuku alichokiandika kabla kalamu haijainuka.

Ikaundwa kamati, na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaingia. Kibanja chake kilipakana na changu kwa upande wa juu, karibu na kaburi. Jioni ile alikuja na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi, akakaa kwenye kigoda cha kaka yake bila kuambiwa akae.

"Shemeji, usihangaike," aliniambia. "Mimi nimo ndani. Nitakutetea."

Sikumwamini hata kidogo. Lakini wazee walisema mchawi mpe mwana kulea, nami nikaona afadhali awe mtetezi wangu mbele za watu, ili akinigeuka aaibike mbele ya hao hao. Nikamshukuru. Nikanywa na rubisi yake, baada ya yeye kutangulia kunywa.

Mpima alipokuja, Mzungu kijana mwenye darubini ya miguu mitatu na mnyororo mrefu wa chuma, nilikuwa nimekwisha kujipanga. Nilisikia kwamba upande wa Kiruruma wapimaji wa barabara walipita wakati mwenye shamba yuko sokoni, na aliporudi alikuta barabara imekula mibuni yake na hakuna aliyeona. Mimi hawatanifanyia hivyo, nikasema. Niliwaalika majirani wa pande zote. Nilimwalika mkungu, mkuu wa kijiji chetu, mzee ambaye hakupenda kutembea, nikamtumia binti yangu mkubwa amshike mkono njia nzima. Nilipika ebitoke, ndizi zetu za kupika, kwa maharage sufuria nzima, wakala, wakashiba, nikawaambia: fungueni macho, kila kijiti kitakachoingia katika ardhi hii kiingie mkikiona. Mwenyewe niliomba kushika ncha ya mnyororo. Mkalimani wake alicheka, mpima akakubali.

Mstari ulikuja moja kwa moja kutoka kwa jirani, ukavuka mpaka wangu, ukaelekea kaburini. Niliuachia mnyororo ukaanguka. Nikaenda nikasimama juu ya nyasi za kaburi, nikamwambia mkalimani amwambie bwana wake kwamba toroli la bati halitapita juu ya kifua cha mume wangu nikiwa hai. Nilidhani atanifokea. Badala yake alivua kofia, akauliza: basi mama anataka ipite wapi?

Hilo sikulitegemea, na nakiri liliniyeyusha. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza ninataka kitu kipite wapi. Nikateremka kuelekea nyumbani, nikaonyesha kwa mguu: hapa, na hapa, na hapa. Ilikuwa karibu mno na ukuta wa jiko langu, lakini heri kelele za toroli zinisumbue mimi kuliko kumsumbua yeye. Pale nilipoweka mguu, shemeji akapigilia kigingi kwa nyundo. Mkungu aliitikia kwa kichwa. Majirani waliona kila kimoja. Nilirudi ndani nikijisifu.

Vigingi vilikuwa vya shemeji. Ndio uliokuwa mchango wake kwa kamati. Kwa majirani alipigilia fito za mkaratusi, kavu, zilizopakwa chokaa kichwani. Alipofika kwangu zilikuwa zimekwisha, alisema, na asubuhi ile alikuwa amekata nyingine mbichi kwenye ua wake, za omuramura.

Niliona. Kila mtu aliona, na kila mtu kwetu anaujua omuramura: ule mti wenye majani marefu unaopandwa penye mipaka. Hata ukiukata na kuutupa juani siku kadhaa, ukiuchomeka ardhini utaota. Ukipandwa mbele ya wenye ardhi na mashahidi, huo ndio mpaka, na anayeung'oa anahesabiwa mwizi wa shamba, wala hakuna atakayekula naye. Lakini siku ile macho yangu yote yalikuwa kwenye darubini na mnyororo. Nilikuwa nikimchunga Mzungu asiniibie. Fito ni fito, nilijiambia, na reli ikija itazivunja zote.

Reli haikuja. Bei ya bati ilishuka, au ndivyo walivyotuambia machimbo, wakasema halmashauri iongeze. Halmashauri ikasema machimbo ndio waongeze. Wakulima wa kahawa wakasema senti zao zimekatwa vya kutosha, na walipouliza zilizokwisha kukatwa ziko wapi, karani wa soksi ndefu alikuwa amekwisha kuhamishiwa kwingine. Mpaka leo ninazo fikra zangu juu ya senti zile. Matoroli yakaendelea kupita madukani kama kawaida, na wenye maduka wakaendelea kulalamika huku wakiuza.

Mvua za vuli zikanyesha. Siku moja nilikuwa napalilia nyuma ya jiko nikaona kigingi kimetoa majani matatu, mabichi, yanang'aa. Nikaenda kwenye cha pili. Kimeota. Cha tatu, kimeota. Nikakimbilia kwa jirani nikatazama vyake: mkaratusi umeliwa na mchwa, ukiugusa unavunjika kama mkate mkavu. Katika mstari mzima, vilivyoishi ni vya kwangu tu. Nikakaa chini palepale kwenye tope. Niliogopa, nasema wazi, niliogopa kuliko siku niliyofiwa.

Sikuving'oa. Nani angethubutu? Na kabla sijajua la kufanya, shemeji alikuja na jembe akaanza kupalilia upande wa juu wa vigingi, polepole, huku akiimba wimbo wa kanisani. Nilimuuliza anafanya nini katika kibanja changu. Akasema, "Shemeji, mimi napalilia upande wangu wa mpaka."

Nikampeleka barazani. Nilikwenda nikiwa na uhakika, maana nilikuwa na mashahidi kuliko mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya mkungu. Niliwaita wote walewale. Nikaeleza: vile vilikuwa vigingi vya reli, reli imekufa, na vigingi vyake vihesabiwe vimekufa. Shemeji akasema fito kavu zilimwishia, hakuwa na nia mbaya, Mungu anajua; ila omuramura umekubali ardhi, na yeye ni nani hata aukatae.

Mkungu alifikiri sana. Alikuwa mzee mwema, na naamini alinihurumia. Akaniambia, "Binti yangu, mpaka uliopandwa mwenyewe hayupo hauna nguvu. Huo tungeung'oa leo hii. Wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Majirani walikuwepo?"

"Niliwaita mimi."

"Mimi nilikuwepo, nakumbuka magoti yalivyoniuma njiani," akasema. "Na kila kigingi, nani alionyesha mahali pa kukisimika?"

Nilimtazama shemeji. Alikuwa ameinama, anakuna mguu. Majirani zangu, waliokula ebitoke vyangu na kufungua macho kama nilivyowaomba, walikuwa wakinitazama mimi.

"Mimi," nikasema. "Kwa mguu wangu."

Laiti ningelala siku ile. Laiti ningekwenda sokoni kama yule mtu wa Kiruruma, nikarudi jioni na chumvi yangu, nikaikuta kazi imekwisha bila shahidi hata mmoja. Nimeliwaza hilo miaka mingi na bado hasira inanipanda. Wasioshuku walibaki na vibanja vyao vizima, na mchwa wakawasaidia.

Baraza liliniachia nyumba, jiko na migomba ya chini, nami nikalea mabinti zangu hapo. Upande wa juu ulikwenda kwa shemeji, pamoja na mibuni, pamoja na kaburi. Omuramura umekuwa mrefu sasa, umepita paa la jiko. Sijaacha kulifyeka kaburi. Kila baada ya mvua nachukua fyekeo na nyasi mpya, napandisha hadi kwenye mpaka. Pale nasimama, kwa sababu nikivuka kimya nitaitwa mwizi, na hilo ndilo analolingoja.

"Hodi," nasema.

Na shemeji, kutoka ndani ya migomba niliyoipalilia mimi, ananijibu kwa sauti ya upole kabisa: "Karibu, shemeji. Karibu mgeni."