Njia ya Mkuyu

Bondeni walimwita Hatua, na jina hilo hakulipata kwa bahati nasibu. Miaka thelathini na mmoja alikuwa tarishi, akipeleka barua kwa miguu kutoka posta ndogo ya barabarani hadi nyumba za mwisho kule juu. Alipostaafu tulidhani sasa atakaa kibarazani kama wastaafu wenzake, anywe chai na kulaumu serikali. Wapi! Asubuhi ya kwanza aliamka saa kumi na moja kama kawaida, akavaa viatu, akatoka bila mkoba. Mkewe alipomuuliza leo anapeleka nini, akajibu kwamba anajipeleka mwenyewe.

Njia alizozijua zilikuwa nyingi, ila aliyoipenda ni moja. Ilianzia nyuma ya mashine ya kusaga, ikavuka kijito kwa mawe saba, ikakatisha shamba la shemeji yake, ikapinda penye mkuyu mkubwa, kisha ikapanda hadi ukingoni. Ukifika pale na kugeuka, unaliona bonde lote: mashamba yamelala kwa vipande, moshi wa majiko umesimama wima, mto unajificha vichakani na kutokea mbele kidogo. Hakukuwa na njia nyingine ya kufika pale. Hatua husimama robo saa bila kufanya lolote, halafu hushuka kuja kutusimulia, na hapo ndipo kazi ilipokuwa, maana mtu huyo akianza habari za ukungu na ndege, chai yako itapoa mkononi.

Aliyemsikiliza bila kuchoka alikuwa mtu mmoja tu, shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye ile mashine ya kusaga. Walikuwa chanda na pete. Hatua akishuka ukingoni hupitia mashineni, hukaa juu ya gunia, na kusimulia huku unga ukimwangukia kichwani. Shemeji huitikia kila neno.

Sasa, kamati ya bonde ilikuwa na sheria ambayo hata watoto waliijua. Njia inayokatisha shamba la mtu ni ya wote maadamu inapitwa. Msimu mzima wa mvua ukiisha bila mtu kuikanyaga, imekufa, na mwenye shamba ana ruhusa ya kuilima. Tangu watu wahamie kwenye pikipiki, njia kadhaa zilikuwa zimekufa hivyo. Njia ya Mkuyu ilibaki hai kwa miguu miwili ya mzee mmoja.

Wiki ya kwanza ya mvua, mzee huyo akateleza mlangoni kwake mwenyewe akavunja mguu. Ukafungwa plasta mpaka juu ya goti. Hakulia kwa maumivu, alilia kwa ajili ya njia. Jioni hiyohiyo shemeji akaja, akavuta kiti kando ya kitanda.

"Shemeji, wewe tulia upone. Njia nitaipita mimi. Kila Ijumaa nikifunga mashine, naipita mpaka juu, halafu nakuja kukupa habari zake."

Fundi cherehani wa jirani, binti mwenye moyo mzuri, naye alikuja kujitolea. "Baba, hata mimi naweza kuipita. Mwendo wa saa moja utanishinda?"

"Usijisumbue, mwanangu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Shemeji yangu anaipita."

Alimwambia hivyo mara mbili, kwa majivuno kabisa. Mwenyekiti wa kamati alipokuja kumjulia hali, akamwambia vilevile.

Na kweli, kila Ijumaa shemeji alifika. Alisema kijito kimejaa hadi jiwe la tano. Alisema ukungu ulikuwa umekaa chini na vilele vya miti vikatokeza juu yake kama vichwa vya watu mtoni. Alisema makuyu yameiva na hondohondo wanayagombania mpaka wanasahau kuruka. Hatua alifumba macho na kutembea humo ndani, akiuliza hapa pakoje, na pale je, na kucheka. Mkewe alileta chai na kukaa mlangoni akisikiliza. Zilikuwa Ijumaa kumi na nne, na mgonjwa alizisubiri kuliko dawa.

Plasta ikaondolewa, mvua nazo zilikuwa zimekwisha. Jumatatu asubuhi Hatua akashika fimbo, akavuka kijito polepole, jiwe kwa jiwe, na ng'ambo akakutana na seng'enge. Ndani ya seng'enge kulikuwa na mahindi yaliyompita kimo, yameshatoa mbelewele. Hapakuwa na njia. Mtoto wa bonde haambiwi mahindi ya namna ile yamepandwa lini. Yalipandwa mvua zilipoanza, siku zilezile alipovunjika.

Akaufuata ua hadi penye kona, akautafuta mkuyu kwa macho. Mkuyu haukuwapo. Kilikuwapo kisiki, kimeshakuwa cha kijivu, na machipukizi yake yalifika magotini. Ijumaa iliyopita tu aliambiwa hondohondo bado wamo matawini.

Akazikumbuka zile habari za Ijumaa. Jiwe la tano, ukungu, vichwa vya watu mtoni: yote aliyasema yeye, miaka iliyopita, akiwa juu ya gunia. Alikuwa akirudishiwa maneno yake mwenyewe, yamepashwa moto. Alivikwa kilemba cha ukoka kwa wiki kumi na nne, naye akawa anakishika kisidondoke.

Alipofika mashineni, shemeji akazima injini.

"Keti, shemeji, unachechemea."

"Sikai. Kwa nini?"

"Shamba ni langu, na watoto wanakua."

"Sikuulizi shamba. Ungeniambia."

"Ningekuambia ungemtuma mtu mwingine apite." Alilisema bila kuinamisha uso, hakuwa na mshipa wa aibu. "Mkuyu nao ulikuwa unatia kivuli mahindi."

"Na zile habari?"

"Ulikuwa unazifurahia. Nikaona angalau nikupe hizo."

Mwenyekiti wa kamati alipoelezwa alisikitika, lakini sheria ni sheria: shemeji alilima kabla ya wakati, ila msimu umeisha bila mtu kuikanyaga wala kulalamika, na njia imekufa. "Fundi cherehani angeweza kuipita," akasema. "Wewe mwenyewe ulimzuia." Ni kweli Hatua alimzuia, na huo ndio uchungu wa kusalitiwa na mtu unayempenda, kwamba wewe mwenyewe unamsaidia.

Jioni akamsimulia mkewe yote, tangu seng'enge hadi kisiki. Mkewe alikuwa akichambua maharage kwenye ungo. Hakusema "lo", hakuuliza hata swali moja. Hatua akamtazama.

"Ulijua?"

"Tangu Ijumaa ya pili."

"Alikuambia?"

"Hakuniambia. Mvua ilinyesha wiki nzima, na viatu vyake vilikuwa na unga tu. Tope hata tone hapana. Sakafu hii naipiga deki mimi."

"Na ukanyamaza."

"Ni kaka yangu."

Hilo alilitarajia, na angeweza kulimeza. Lakini mkewe hakuwa amemaliza. Aliweka ungo chini.

"Halafu ulikuwa unacheka, baba watoto. Miaka thelathini na mmoja ulikuwa njiani kwa barua, ukastaafu ukaendelea kutoka. Hizo Ijumaa ndizo mara ya kwanza nakuona umekaa nyumbani na una furaha. Sikutaka ziishe."

La shemeji lilimkasirisha. Hili lilimvunja, kwa sababu lilimuuma na hakuona pa kulipinga. Akashika fimbo atoke, kama alivyotoka sikuzote neno lilipomzidi. Akafika mlangoni, akasimama, akairudisha fimbo ukutani. Akakaa kwenye kile kiti ambacho shemeji alikuwa akikikalia, akauvuta ungo karibu, akaanza kuchambua maharage.