Waya wa Zahanati ya Karungu

Niliondoka chuoni Dar es Salaam kwa sababu mwalimu wetu wa sheria alitaka kujua sheria ya umeme ya Kenya inafanyaje kazi mahali pasipo na nguzo hata moja. Nikamwambia, kwetu ndiko. Nilijiona msomi kwelikweli.

Kisumu nilipanda meli hadi Homa Bay, halafu lori lililokuwa likifuata samaki Karungu, kwa baba mkwe wangu. Mzee Okelo alikuwa na injini ya kinu cha mahindi. Jioni injini hiyo iliwasha taa za nyumba yake na, kwa waya mrefu, taa moja ya zahanati jirani.

Saa saba mchana tulikula. Kwetu mkwe hula kwa adabu na maneno machache. Mzee aliponiuliza nasoma nini, mimi nikahubiri.

"Asiye na leseni haruhusiwi kumpelekea jirani umeme."

"Hata zahanati, mkwe wangu?"

"Hata zahanati."

Akaendelea kula. Mkwe habishiwi, nami nikafurahi kwamba nimesikilizwa.

Siku ya pili nilikuwa Migori. Nilitazama injini za maduka mawili, kisha nikakaa kunakili kifungu cha leseni kutoka kitabu changu cha sheria. Nikafungua ukurasa uliofuata, ambao sikuwahi kuusoma: anayegawa umeme bila kuuza anaweza kusamehewa leseni, akiomba kwa barua. Mdomo uliponza kichwa, wanasema, ila kichwa chenyewe hakikuwa changu. Nikatafuta gari la kurudi.

Karungu, asubuhi ya siku ya tatu, waya wa zahanati ulikuwa umeviringishwa ukutani pa kinu. Mkunga wa zahanati, Mama Dorsila, alikuwa amesimama na mzee mlangoni pa kinu.

"Jana usiku nimeshona mzazi kwa koroboi," akaniambia. "Nimefumua, nikarudia. Alikuwa analia."

Nikawaeleza yote. Sijawahi kuona haya kiasi kile.

"Nimesoma nusu, baba. Naomba msamaha."

"Basi niurudishe waya leo?" mzee akauliza.

Nilitamani kusema ndiyo. Lakini lazima ombi lijibiwe kwanza, Nairobi. Niliandika barua palepale, mzee akatia sahihi; ningeitia posta Homa Bay nikirudi.

"Tutangoja, nyathina," mzee alisema, kama anayesema na mtoto wake wa kuzaa. "Ukisema ni sheria, ni sheria."

Mama Dorsila akaenda kununua mafuta ya taa.

Mpaka naandika haya, jibu halijafika. Nilichojifunza ni kimoja: ukikosea mbele ya wakwe hawatakubishia. Watatii.