Vidonge Nilivyovikataa

Goti langu la kulia walilitoa Dar es Salaam, wakaweka la chuma na plastiki. Daktari alinieleza mambo mengi, mimi nikashika moja tu: ndani ya wiki sita goti lifikie nyuzi tisini, la sivyo nitarudi huko, nitachomwa ganzi tena, na wao watalikunja kwa nguvu. Nimefundisha hesabu shule za msingi kwa zaidi ya miaka thelathini. Nyuzi tisini ni pembe mraba, nazijua vizuri. Nilichokuwa sijui ni kwamba mtu anaweza kuzitafuta huku anatokwa na machozi.

Safari ya kurudi Ifakara nililazwa kiti cha nyuma cha gari la shemeji yangu, mguu umenyooshwa juu ya mito. Mpaka Mikumi nilikuwa muungwana. Kuanzia Kidatu kila tuta la barabarani lilinifanya nimseme dereva, naye akanyamaza kwa kuheshimu mvi zangu. Tulipopita Kiberege niliona njia inayoshuka kuelekea shule niliyoanzia kazi, kabla sijahamishiwa mjini. Nikageuza uso upande wa pili mpaka tukaiacha nyuma.

Nyumbani nilipewa utaratibu. Vidonge vya aina mbili, kwa saa zake. Barafu juu ya goti mara nne kwa siku. Mazoezi asubuhi, mchana na jioni: nilale chali, niburute kisigino kuja kwenye kalio mpaka pale kinapogoma, halafu nikisogeze kidogo tena. Binti wa mazoezi ya viungo alikuja kila baada ya siku mbili na kipimo chake cha plastiki, akanisisitizia jambo lile lile: nimeze dawa nusu saa kabla ya mazoezi, nisisubiri maumivu yapande, maana mwenye maumivu hawezi kukunja, na asiyekunja sasa hatakunja tena. Samaki mkunje angali mbichi, aliniambia. Methali hiyo niliisema mimi mwenyewe miaka yote, chumba cha walimu, fimbo ikiwa mkononi.

Majirani nao walikuja, kila mmoja na udaktari wake. Mmoja alinikataza kukunja kabisa, eti chuma kitachomoka. Mwingine aliniuliza kwa upole kama hakitashika kutu masika, maji yakijaa bondeni. Nilimjibu kwamba nitakipaka grisi.

Wiki ya kwanza nilikwenda vizuri. Nilimeza dawa, nikakunja, nikafika nyuzi hamsini na tano. Ya pili ndipo alipoanza kuja.

Ilikuwa saa nane mchana. Mke wangu alikuwa amepeleka mpunga mashineni na nyumba ilikuwa kimya. Nilikuwa naburuta kisigino, na pale goti lilipogoma nikamwona mtoto wa kike mwisho wa kitanda. Alikuwa amepiga magoti, mikono juu, sketi ya shule imelowa mpaka kiunoni. Hakuniangalia. Alikuwa anaangalia mbele, kama alivyoangalia siku ile. Niliponyoosha mguu akapotea. Nilipokunja tena akarudi.

Nilimjua mara moja. Alikuwa mtoto wa wafugaji wa Kisukuma waliokuwa wamehamia karibuni na ng'ombe wao, wakajenga ng'ambo ya kijito. Mvua za masika kijito kilijaa, na yeye alisubiri mtu mzima wa kumvusha. Akachelewa. Sheria yangu kwa wachelewaji ilikuwa kupiga magoti kwenye changarawe mbele ya mlingoti wa bendera, na kila mtoto pale shuleni alijua namna ya kumaliza adhabu hiyo: unalia, mwalimu anakwambia inuka. Huyu hakulia. Nilichukulia ni kiburi. Nikaingia darasani, nikafundisha vipindi viwili, nikamwacha pale mpaka kengele ya mapumziko. Aliposimama magoti yalikuwa yanavuja damu, naye akaenda kukaa kwenye dawati lake.

Nilikuwa sijamfikiria kwa miaka. Sasa alikuja kila mchana, na mimi niliogopa. Siyo kwamba niliamini ni mzimu. Niliogopa kwa sababu nilijua amekuja kwa haki.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga wangu. Nilianza kuona kwamba kumeza vile vidonge ni kukwepa. Yeye alipiga magoti bila dawa. Mimi ni nani hata niletewe na barafu? Mke wangu alinipa vidonge na maji, nikaviweka chini ya ulimi, na alipogeuka nikavitema na kuvisukuma ndani ya foronya. Niliyapokea maumivu kama mtu anayetumikia kifungo, na niseme kweli, siku za mwanzo yalinipa nafuu moyoni. Binti wa mazoezi akiniuliza maumivu yangu ni ngapi kati ya kumi, nilimjibu tatu. Yalikuwa tisa.

Ila goti halina habari na toba. Kutoka hamsini na tano lilishuka hamsini, halafu arobaini na mbili. Lilivimba, likawa gumu na moto. Binti alipima mara mbili, akaniuliza kama dawa natumia. Nikamdanganya bila aibu. Alituambia zimebaki wiki mbili, na kama hali ni hiyo, nianze kujiandaa kurudi Dar es Salaam.

Kesho yake mke wangu alivua foronya ili aifue, vidonge vikamwagika sakafuni. Hakupiga kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda akaviokota kimoja kimoja, kisha akaniuliza kama nataka kufa nimwache na nyumba hii peke yake. Nikamweleza yote, kuanzia kijito mpaka kengele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza yule mtoto alikuwa wa ukoo gani. Nikamtajia.

"Si ndiye anayetuletea maziwa," alisema.

Wiki zote zile nilikuwa nakunywa maziwa yake ya mgando. Mke wangu alisema mama huyo, aliyeolewa hapa mjini, humwambia kwamba nilimfundisha na huniulizia kila anapopita, na amekuwa akitaka kuja kunijulia hali, ila anaona haya.

Alikuja asubuhi iliyofuata. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, mguu umenyooka juu ya stuli. Mwanamke mrefu, mtu mzima, aliacha ndoo na ndala zake mlangoni, akaingia, na kabla sijasema kitu akapiga magoti kwenye sakafu ya saruji.

"Shikamoo, mwalimu."

Nilimwambia inuka. Niliisema kwa sauti ya darasani, kisha nikaisema tena kwa kumsihi. Alitabasamu akasema kwao mkubwa hasalimiwi kwa kusimama. Nilitaka kuinama nimshike mkono nimwinue, goti likakataa, nikabaki nimeng'ang'ania kiti huku yeye akiwa chini mbele yangu, akinipa pole.

Basi nikamwambia akiwa pale pale. Nilimweleza kwamba alichelewa kwa sababu ya kijito, kwamba nilimwacha kwenye changarawe kwa kuwa hakulia, na kwamba ile asubuhi inanitesa. Nikamuuliza kama anaikumbuka.

Alifikiri. Aliinamisha kichwa kama mwanafunzi anayetaka kumpa mwalimu jibu lililo sahihi.

"Asubuhi ipi, mwalimu?" aliuliza. "Maana ilikuwa masika yote."

Hakusema kwa hasira. Aliinuka, akapangusa magoti kwa ncha ya kanga, akamuuliza mke wangu kama nimeshakunywa dawa. Mke wangu akaleta vidonge na maji, nao wawili wakasimama wakinitazama mpaka nikameza.

Tangu siku ile nimemeza dawa kwa saa zake na nimekunja. Wiki ya sita kipimo kilisoma nyuzi tisini na tatu, na daktari akanipongeza. Maziwa yanaletwa kama kawaida. Yule mtoto haji tena mchana. Mimi ndiye ninayekwenda kumtafuta: nalala chali, nakunja goti mpaka mwisho, nafumba macho, najaribu kuzikumbuka zile asubuhi nyingine, na sioni hata moja.