Mbunge Aliyehudhuria Kila Msiba

Kazi yangu ilikuwa kumwogesha, kumvalisha na kumtembeza mzee mmoja aliyewahi kuwa mbunge kwao Pakistan. Kiharusi kilimlegeza upande wote wa kushoto. Kwao kulikuwa na kesi inayomsubiri; angeshuka tu kwenye ndege, angekamatwa. Kwa hiyo aliishi Dubai, mtaa wa Al Mankhool, kwenye fleti inayotazama mgongo wa hoteli, pamoja nami na dereva wake aliyemfuata kutoka jimboni.

Dereva ndiye aliyenieleza jinsi mzee alivyokuwa akishinda uchaguzi. Hakujua kuhutubia, na barabara alizoahidi hazikuonekana. Alihudhuria misiba. Akifa mtu, hata mchunga mbuzi, mzee alifika, akaketi chini na wafiwa, akainua mikono kumwombea marehemu. Watu wa huko hawamsahau aliyeinua mikono nyumbani kwao.

"Tukipita kijiji kisicho na msiba, ananuna," dereva alisema.

Nilicheka, ila si sana. Mama alipofariki, baba akiwa ametangulia, mbunge wetu alituma neno kwamba atakuja kuzika. Mimi ndiye mkubwa, nilikuwa nimeshaacha shule, na majirani walinifundisha namna ya kumwomba awasaidie wadogo zangu wasome. Jeneza lilikaa juani tukimsubiri. Hakuja. Tangu siku ile sikuwa na hamu na wabunge.

Kisha mama yake mzee akafa huko kwao, na wakamzika siku hiyohiyo. Mpwa wake aliyaonyesha mazishi kwa simu. Nilimshikia mzee simu mbele ya uso. Mstari wa mbele, kando ya kaburi, alisimama yule aliyechukua kiti chake bungeni, mikono ameinua. Mzee alitazama mpaka picha ikakatika.

Asubuhi yake akaamuru matanga yakaliwe kwake, siku tatu. Watu wa jimbo lake wamejaa Dubai, madereva wa teksi na mafundi wa ujenzi.

"Watakuja," aliniambia. "Hakuna nyumba yao ambayo sikuingia."

Tukasukumia makochi barazani. Dereva akakodi shuka nyeupe tukazitandika sakafuni, na mimi nikapika chai kwa sufuria iliyoziba meko yote mawili. Mzee aliketi akiegemea ukuta, amevaa kanzu iliyonyooshwa, uso mlangoni.

Siku ya kwanza akaja mwenye duka la chini, akanywa chai, akaondoka. Dereva alishinda kwenye ngazi akipiga simu, na wote walimjibu inshallah. Mmoja ndiye aliyemwambia ukweli: picha yake ikisambaa ameketi kwa mzee, mbunge mpya atawasumbua wazazi wake kijijini. Dereva alinisimulia hayo jikoni kwa sauti ya chini, akaniomba nisimwambie mzee. Siku ya pili hakuja mtu. Chai niliimwaga kwenye sinki.

Siku ya tatu, jua likianza kulegea, niliinama kuokota bilauri ambazo hakuna aliyezigusa. Mzee akaniita beta, yaani mwanangu, kama alivyozoea.

"Kwenu nani amekufa?"

"Baba, sir. Halafu mama."

"Nani alikuja?"

Nikamtajia majirani na watu wa kanisa. Nikamwambia pia kuhusu mbunge, na lile jeneza juani. Akaniashiria niketi mbele yake, pale walipotakiwa kuketi watu wake.

Akainua mkono wa kulia. Wa kushoto ulibaki pajani, naye akautazama. Nikaushika kifundoni, kama ninavyofanya kila asubuhi nikimvisha, nikauinua ukalingana na mwenzake. Aliwaombea wazazi wangu kwa dini yake, polepole, na nilipohisi mkono ukizidi uzito sikuuachia. Nililia kidogo. Yeye hakulia.

Alipomaliza akajifuta uso, akauliza kama kengele ya mlango imelia.

"Haijalia, sir."

Dereva akaingia kukunja shuka, maana zilitakiwa kurudi dukani. Mzee akamwambia aziache mpaka Magharibi, huenda watu wamechelewa kutoka kazini. Tukaziacha. Nikarudi jikoni kupasha chai.