Khamisi Anampeleka Mkewe Kutembea

Kila asubuhi, kabla hata ya kufungua duka, Khamisi hutoa kiti chake cha plastiki mlangoni, hukaa, kisha humwita muuza kahawa aliye ng'ambo ya barabara. Muuza kahawa huacha wateja wake, huvuka na birika lake, humjazia kikombe, hurudi. Kikombe kikiisha, Khamisi humwita tena. Barabara yenyewe ni nyembamba kiasi kwamba mbuzi akikohoa tu amekwisha kuivuka. Watu wa sokoni Kasulu wamemzoea. Husema siku Khamisi akiugua, hospitali ndiyo itakayoletwa dukani.

Kwa hiyo jioni moja alipoingia ndani na kusema, "Mama Rukia, nataka twende hifadhini tukapumzike, mimi na wewe tu, tutembee milimani," mkewe Swaumu aliendelea kuchambua mchele. Chuya alizitia kwenye sufuria, na mchele safi akaumwagia kuku.

Mtu asiyeujua mtaa angedhani hayo ni mapenzi. Swaumu aliujua mtaa. Miongoni mwa wafanyabiashara wa pale, mwanamume hamwambii mkewe kwa mdomo kwamba anaongeza mke. Humwambia kwa zawadi. Shamsi, jirani wa nyuma, aliletewa friji la milango miwili. Alilifurahia mpaka Ijumaa, na Ijumaa akaletewa mwenzake. Mwanaamina wa duka la vitenge alipewa seti nzima ya makochi, na mpaka leo hajapata kuyakalia peke yake. Swaumu, tangu aolewe, hakuwahi kupewa hata feni, na kwa sababu hiyo alikuwa akilala usingizi mzuri.

Halafu kulikuwa na suala la Kibondo. Tangu mwaka jana Khamisi alikuwa akienda huko kununua maharage, na maharage ya Kibondo yalikuwa ya aina yake: hayakubali kununuliwa mpaka mnunuzi avae kanzu iliyopigwa pasi na ajifukize udi.

Kesho yake Swaumu aliwapelekea rafiki zake habari hiyo. Shamsi akapiga makofi.

"Shoga, mimi friji, wewe mlima mzima! Huyo bibi harusi lazima awe mtoto wa mkuu wa wilaya."

"Labda mume wangu amechoka tu, anataka kupumzika."

"Amechoshwa na nini?" Mwanaamina akauliza. "Na kile kiti?"

"Nitamwuliza."

"Muulize leo."

"Nitamwuliza huko huko, mara moja tu. Sitaki kuwa mwanamke wa kuchokonoa kila saa."

Lakini uamuzi alikuwa ameshaufanya. Jibu likiwa ndiyo, Kasulu harudi. Atashuka njiani na kwenda kwa kaka yake Ujiji, na Khamisi atamtafuta mwingine wa kumpikia huku akiwa amekaa. Alifungasha begi lake kwa akili: juu nguo za mapumziko, chini nguo za mwaka mzima. Khamisi alipolinyanyua kulitia garini aliguna.

"Umeweka nini humu, mama?"

"Mafuta ya kujipaka."

Khamisi naye alikuwa amejiandaa. Alimwagiza Emile, Mkongo anayeleta mitumba kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, amtafutie viatu vya mlimani. Emile alileta jozi moja, nyekundu, yenye kamba za kutosha kufunga ng'ombe.

"Papa Khamisi, hii ni ya kupanda mulima. Bazungu banavalaka hii."

"Inanibana."

"Inabana leo tu, papa. Kesho itajua mguu yako."

Viatu havikuujua mguu wa Khamisi kesho yake, wala siku iliyofuata.

Loji ilikuwa nzuri, hilo Swaumu hakulipinga. Ilikuwa imekaa ukingoni mwa mlima, na vitambaa vya mezani vilikuwa vimekunjwa kama ndege, hata ukaona aibu kujifutia mdomo. Wahudumu waliwapokea kwa juisi na taulo zenye joto. Khamisi, asiyejua taulo ni ya nini, aliikunja vizuri akamrudishia mwenyewe. Chumbani kulikuwa na kitanda kilichotandazwa maua mekundu. Swaumu aliyakusanya moja moja akayaweka dirishani. Kama ni ya bibi harusi, basi yamngoje mwenyewe.

Asubuhi waliondoka na Bazilio, kijana wa kuongoza wageni, Muha wa Munanila.

"Mnatokea wapi, mzee?"

"Kasulu."

"Kasulu hii yenye milima?"

"Hiyo hiyo."

"Mkaja huku kutembea mlimani."

"Ego," Swaumu akaitikia kwa Kiha badala ya mumewe.

Bazilio aliwatazama kwa upole, kama mtu aliyekuja kuona wagonjwa. "Mama yangu kule nyumbani hupanda mlima kama huu kila siku na mkungu wa ndizi kichwani," alisema. "Nikienda likizo nitamweleza kwamba amekuwa akipumzika."

Wakapanda. Njia ilipita kwenye miombo, kisha kwenye majani marefu, kisha ikaanza kusimama wima kana kwamba imekasirishwa na mtu. Khamisi alipumzika kwenye jiwe la kwanza. Alipumzika kwenye la pili. Lililofuata halikuwa jiwe bali kichuguu, naye alikikalia. Hata hivyo hakulalamika, na hilo ndilo lililomtisha Swaumu zaidi. Khamisi alimbebea mkewe mkoba. Alimmenyea chungwa, akatoa na mbegu. Alimshika mkono walipovuka kijito, mkono ambao mara ya mwisho kuushika hadharani alikuwa anampokea kwa wazazi wake. Swaumu alipima kila wema kwa vipimo vya mtaani: kwa mkoba aliona posa, kwa chungwa aliona nyumba ya vyumba vitatu imeshapangishwa. Walipokaribia kileleni Khamisi akamwita "mpenzi", na hapo Swaumu akasikia matarumbeta ya harusi yakishuka kutoka Kibondo.

Juu kulikuwa na upepo na uwanda wa kukaa. Milima ilifuatana mmoja nyuma ya mwingine mpaka upande wa Burundi, ya kijani, kisha ya bluu. Kulikuwa na mambo mengi ya kusifia, na Khamisi aliyasifia yote: upepo, mawingu, hata nyani mmoja aliyekuwa akijikuna.

"Unaona huyu nyani, mama? Hana presha kabisa."

"Namwona."

Bazilio alisema anakwenda mbele kuangalia njia ya kushukia. Walibaki wawili. Khamisi alikaa chini, akaanza kufungua kamba za kile kiatu chekundu, polepole, huku akiuma meno. Kisigino kilikuwa kimechubuka vibaya. Swaumu alitaka kukihurumia, akajizuia. Huruma ingemfanya asahau alichokuja kuuliza. Alifikiria begi lake kule loji, na kaka yake Ujiji, na jinsi atakavyompa shemeji yake zile khanga mpya ili asiulizwe maswali mengi. Alifikiria mumewe peke yake mlangoni, akiita kahawa. Kisha akasimama mbele yake, akimzibia nyani na milima yote.

"Baba Rukia, unaoa?"

Khamisi aliacha kamba. Akakitazama kisigino chake.

"Niliposa, Kibondo," akasema. "Walinikataa, na loji nilikuwa nimeshailipia."