Mpangilio wa Kabati la Dobi

Zamani zile, mkonge ulipokuwa na bei na kila mtu mjini Tanga akajiona ana haki ya kuvaa nguo iliyopigwa pasi na mtu mwingine, nilifanya kazi ya ukarani katika duka la dobi Chumbageni. Nasema ukarani kwa sababu ndivyo alivyosema mwenye duka siku aliponiajiri. Kazi yenyewe ilikuwa kupokea nguo chafu, kuandika jina la mwenyewe kwenye kikaratasi na kukipachika kwa pini. Kisha nguo ikisharudi kutoka uani, imefuliwa, imetiwa wanga na kunyooshwa, kuiweka kabatini, na kuitoa mwenyewe akija kuichukua. Anayedhani kazi hiyo haitaki akili hajawahi kusimama nyuma ya ile meza siku za kukaribia Idi.

Kabati ndilo lililokuwa fahari ya duka. Mwenye duka, mtu wa asili ya Oman aliyerithi nyumba kadhaa na kuchoshwa na wapangaji, alilinunua mnadani ofisi moja ilipofungwa. Lilikuwa refu kufika darini, limejaa mashubaka, kila shubaka la kutosha furushi moja. Alikuwa akiwaonyesha wageni kabati hilo kabla ya kuwaonyesha watoto wake.

Kanuni ya kabati la namna ile ni nyepesi. Kila furushi linajulikana kwa kitu kimoja tu, jina, na jina ndilo linalosema mahali pake. Majina hufuatana, la kwanza juu kushoto, la mwisho chini kulia. Faida ya mpango huu huioni mpaka uwe na haraka. Humtafuti mtu kabati zima. Unatazama shubaka la katikati, unasoma jina. Kama unayemtaka anatangulia, nusu yote ya chini unaisahau. Unatazama katikati ya nusu iliyobaki, na hivyo hivyo. Ukishachungulia mara chache tu, ama umempata ama umejua kwa hakika kwamba hayumo, na kujua kwa hakika kwamba kitu hakimo ni nusu ya kazi ya karani. Zaidi ya hapo, jirani wa kila mtu anajulikana. Ukimkosa mtu, unaliona pengo alipopaswa kuwa.

Haya niliyajifunza mwenyewe, katika kitabu cha kazi za ofisi kisicho na jalada, na niliyaamini kama wengine wanavyoamini hirizi. Lakini kitabu kilikuwa na sharti moja dogo: kila anayetia mkono kabatini akubaliane na wenzake ni jina lipi linatangulia jina lipi. Sharti hilo ndilo lililotushinda.

Maana tulikuwa makarani wawili. Asubuhi alishika meza mzee mmoja mtu wa Tongoni, ambaye mwandiko wake wa herufi za Kiarabu ungeweza kuning'inizwa ukutani. Yeye alisoma chuo cha Kurani, na kwake dunia inaanza na alifu na kuishia na ye. Mchana nilishika mimi, na dunia yangu ilianza na A. Watu waliodhani hii ni tofauti ya mwandiko tu walikuwa wengi, na mmoja wao alikuwa ndiye anayetulipa mshahara. Jimu ya mzee iko mwanzoni kabisa. J yangu iko ndani ndani. Sini yake inatangulia lamu na mimu. S yangu inakuja baada ya L na M zimeshapita. Kwa hiyo mtu mmoja, kwa jina lile lile, asubuhi alikaa safu ya juu na mchana alitakiwa safu za chini, na nguo zake zikisubiri uamuzi.

Nilimweleza mwenye duka jambo hili kwa utaratibu, nikimchorea.

"Nyote mnapanga kwa herufi, au sivyo?" aliniuliza.

"Ndiyo, bwana, lakini..."

"Basi mmeshapatana."

Tukapatana hivyo. Kila adhuhuri tulipopokezana meza, mazungumzo yetu yalikuwa ya adabu sana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Yule mtu wangu wa jimu umempeleka wapi?"

"Nimemrudisha kwake, mzee, kwenye J."

"Alikuwa kwake. Ulipomkuta ndipo kwake."

"Nilimkuta kati ya mtu wa T na mtu wa H."

"Ndipo hasa anapokaa jimu. Hukufundishwa tu, si kosa lako."

Kisha huenda zake kuswali, nami huanza kuwahamisha watu wake. Kesho yake asubuhi yeye huwahamisha wangu. Kabati likawa kama mji wenye maliwali wawili. Na uzuri wa ile njia ya kuchungulia katikati ni huu: mpango ukichanganyika, haikupi dalili yoyote kwamba imeharibika. Inaendelea kukuelekeza kwa ujasiri ule ule, kushoto, kulia, juu, mpaka unasimama mbele ya shubaka la mtu mwingine ukiwa na hakika kamili. Wateja walikuwa wakiniona nasimama hivyo mara nyingi. Kila kitu kilichopotea, mimi nilijua ni kazi ya mzee, na mzee alijua ni kazi yangu. Tuliishi vizuri.

Alhamisi moja mchana, mzee akiwa bado yupo akifunga kilemba chake aondoke, waliingia watu wawili. Kijana alikuwa Mshambaa, karani wa shamba la mkonge, mpole mno, na mama aliyemfuata alikuwa shangazi yake, ambaye upole wa ukoo ulikuwa umekwisha kabla hajazaliwa. Kijana alitaka suti yake. Nilimkumbuka, jina niliandika mimi mwenyewe siku alipoileta.

"Treni yangu inaondoka kesho asubuhi," alisema. "Jumamosi nafunga ndoa kanisani kwetu, milimani."

"Hongera," nikasema.

"Kesho Ijumaa hawa hawafungui," shangazi alimwambia yeye, si mimi. "Waambie kuhusu mkwe wako."

Kijana akaona haya. Shangazi akatueleza mwenyewe. Baba wa binti alikuwa mzee wa kanisa, na tangu mwanzo hakuwa na hakika na huyu bwana harusi wa makatani. Alikuwa amesema mbele ya mashahidi kwamba mtu asiyeweza kusimama madhabahuni kwa suti hawezi kulisha mke, na kwamba asubuhi ya harusi ataangalia kwanza nguo, kisha ndipo atamtoa binti ndani. Suti ilikuwa hiyo moja. Kwa hiyo tulichokuwa tunakitafuta pale kabatini, alisema, kilikuwa mke wa mtu.

Sasa, jina la ubatizo la kijana lilianza na Y. Nilifurahi, na nilimwona mzee naye amefurahi. Y yangu ina Z peke yake nyuma yake. Ye ya mzee haina kitu nyuma yake. Katika herufi zote, hii ilikuwa moja ya zile chache ambazo sisi wawili tuliziweka mahali pamoja, safu ya mwisho, chini kulia. Tuliinama kwa pamoja kama maimamu wawili wa msikiti mmoja. Tulimkuta mtu wa W. Tulimkuta mtu mwingine wa Y, mfanyabiashara wa nazi, na kanzu yake. Suti haikuwapo.

"Mwanangu," mzee akasema taratibu, "huku hujagusa?"

"Sijagusa, mzee. Na wewe?"

"Kwa nini nikaguse? Ndipo mahali pake."

Tukatazamana. Kwa mara ya kwanza tulikosa wa kumlaumu, na nakiri kwamba hali hiyo ilituudhi kuliko kupotea kwa suti.

"Fungueni basi moja moja," shangazi alisema. "Anzeni pale juu."

Mzee akakohoa. "Mama, tukianza kufungua moja moja mbele ya watu, watasema duka halina mpango."

Nikamwunga mkono. Baada ya miezi yote ile ya ugomvi, hatimaye mzee na mimi tulikubaliana kuhusu kabati: kwamba heshima yake ni kubwa kuliko kazi yake.

"Treni ni asubuhi," kijana akasema tena, kama mtu anayejisomea mwenyewe.

Hapo ndipo alipoingia mwenye duka, anatoka msikitini. Alielezwa. Alimtazama kijana kuanzia viatu vyenye vumbi la makatani.

"Nguo za watu wa mashamba ziko chini," akasema.

"Chini tumetazama, bwana," nikamjibu. "Lakini hatupangi kwa mashamba. Tunapanga kwa majina."

"Nyinyi mnapanga kwa majina. Mimi jioni mkishaondoka naweka adabu."

Mzee aliacha kilemba chake nusu. "Adabu gani, sheikh wangu?"

"Adabu ya kawaida. Nilikuta kanzu ya kadhi imelala chini ya kaptura ya mpagazi wa bandarini. Mnataka nipate laana? Nguo za wakubwa nazipandisha juu. Kaptura nazishusha. Si zote, zile zinazonitia haya tu."

"Na vikaratasi, bwana?" nikauliza. "Majina?"

"Jina halivaliwi. Mimi natazama nguo, najua ni ya nani."

Tulikuwa tumegombea kwa muda wote ule mpango wa kwanza na mpango wa pili, na hapo ndani mlikuwa na wa tatu, uliofanya kazi kila jioni bila kukosa, nao haukuhitaji hata kusoma.

Shangazi hakuwa akitusikiliza. Alikuwa amekunja shingo anatazama safu ya juu kabisa.

"Ile ya kijivu pale, karibu na dari. Ya nani?"

"Ya Mzungu," mwenye duka akasema. "Nadhani wa forodha."

"Ulimwona akiileta?"

"Hakuna haja ya kumwona. Tazama kitambaa, mama. Sufu ile."

"Ishushwe tuitazame."

"Mama, siwezi kumshusha Mzungu kwa sababu ya..."

"Mzungu mwenyewe hayumo ndani yake. Shusheni koti."

Nilipanda ngazi. Suti ilikuwa shubaka la kwanza kabisa, mahali pa A yangu na alifu ya mzee, imebanwa na kanzu ya kadhi upande mmoja na ya sheikh mmoja upande wa pili. Kikaratasi changu kilikuwa kimepachikwa pale pale kifuani, jina la kijana limeandikwa kwa herufi kubwa. Nilitaka kulisoma kwa sauti, maana ndiyo kazi yangu, lakini nilipofika chini tu shangazi alishaninyang'anya koti na kuligeuza nje ndani. Bitana yake ilikuwa ya kanga, nyekundu, yenye maua ya mkorosho.

"Hii kanga ni yangu," alisema. "Niliitia mimi kwa mkono wangu, kwa sababu ile bitana iliyokuja nayo iliraruka. Niambie, huyo Mzungu wako wa forodha amenivua kanga lini?"

Mwenye duka aliitazama kanga kwa muda. "Siku hizi," akasema, "Wazungu nao wana mambo."

Mzee aligeuka ukutani. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

Kijana alilichukua koti, akaliinua mbele ya mwanga wa mlango. Lilikuwa limekunjamana vibaya. Kukaa na wakubwa kulikuwa kumeliponda. "Nani aliyeniweka kule juu?" aliuliza.

"Mimi," mwenye duka akajibu, na nikaona uso wake unapata njia ya kutokea. "Nilikupa heshima, bwana harusi. Wengine wanakaa chini mwaka mzima."

"Heshima yako ilikuwa inakwenda kuninyima mke," kijana akasema. Hakupandisha sauti. Sidhani kama alijua kupandisha.

Mkaa ukawashwa upya uani, na suti ikapigwa pasi shangazi akiwa amesimama juu ya kichwa cha mpiga pasi, akimwonyesha mikunjo asiyoiona. Nilipoileta mbele kuifunga kwenye karatasi, shangazi alikataa. Kijana aliivaa pale pale, juu ya shati lake la kazi, akatoka nayo barabarani kwenye jua la alasiri, anatembea mikono imeachana na mwili ili isijikunje. Watoto walimfuata wakidhani ni kiongozi.

Baada ya hapo mwenye duka alitafakari na kurekebisha mambo. Safu ya juu ilitengwa rasmi kwa wakubwa, wafuatane kwa heshima kama yeye anavyoijua. Safu zilizobaki zingefuata herufi: alifu asubuhi, A mchana. Alitutangazia hayo kwa furaha ya mtu aliyesuluhisha pande zote, na mzee na mimi tukaitika, kila mmoja akiwa na hakika kwamba mwenzake ndiye atakayelazimika kubadilika.

Kijana alirudi adhuhuri moja masika yalipoanza, safari hii na mkewe, ambaye alitutazama sisi watatu kama mtu aliyesimuliwa. Ndoa ilikuwa imefungwa, kijana alisema. Mzee wa kanisa alikagua suti mbele na nyuma, hakuuliza kuhusu ndani. Sasa ilikuwa na doa la mafuta begani. Mzee wetu wa alifu alichovya kalamu yake ya mwanzi. Nami nilichukua penseli yangu. Mwenye duka alikuwa tayari anakipima kitambaa kwa macho.

"Msiandike jina," kijana akasema. "Na msiipandishe wala msiishushe. Fueni, nitangoja hapa hapa mpaka ikauke."

Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri. Tukawatafutia benchi, tukawaletea kahawa.